Nani Atabaki na Majeruhi?



Kila mwaka, mwezi wa Mei unapoelekea ukingoni, parokia zetu za upande wa Beni na Butembo huingia katika pilikapilika za hija ya Namugongo. Michango hukusanywa, wanakwaya hurudia nyimbo zao, kina mama hufunga chakula cha njiani, na viongozi huzunguka mjini kutafuta gari la kukodi. Tarehe 3 Juni umati wa watu kutoka nchi nyingi hukutana mahali pale Karoli Lwanga na wenzake walipouawa kwa moto mwaka 1886, na aliyefika huko mara moja hutamani kurudi. Sina nia ya kumvunja moyo yeyote. Nimekwenda, na Mungu akinijalia nitakwenda tena.

Lakini liko swali moja ambalo sikupata kulisikia katika mikutano yote ya maandalizi niliyohudhuria. Tunauliza nani atapika, nani atabeba bendera, nani ataongoza rozari ndani ya gari. Hatuulizi hili: tukipatwa na ajali ng'ambo ya mpaka, nani atabaki na majeruhi?

Naliuliza leo kwa sababu siku lilipotaka jibu, mimi sikubaki.

Tulikuwa tumekwisha kuiacha Kasese nyuma yetu, tukirudi nyumbani kwa njia ya Mpondwe, na jua lilikuwa limeanza kulegea. Nchini Uganda magari hupita kushoto. Kwetu Kongo hupita kuume. Dereva wetu alikuwa mtu makini, naye alikuwa ameshika kushoto yake tangu alfajiri bila kosa. Lakini mwendesha bodaboda alipochomoka ghafula kutoka kwenye njia ya vumbi, mikono ya dereva ilifanya kile ilichokizoea kwa miaka mingi: ilikata kuume. Kumbe kuume ndiko yule wa pikipiki alikokimbilia ili atupishe. Tuliigonga pikipiki ubavuni, kisha gari likaingia mtaroni na kulala upande.

Kijana wa bodaboda aliumia kichwani na mguuni. Kwa upande wetu, binti mmoja wa kwaya alivunjika paja. Sisi wengine tulipata michubuko tu. Wakulima waliokuwa karibu walikuja mbio, wakasimamisha gari la mizigo, wakawapakia majeruhi wote wawili pamoja, bila kuuliza huyu ni wa wapi na yule ni wa wapi. Polisi walifika, wakamchukua dereva. Ndipo sisi viongozi tulipokaa chini ya mti kufanya baraza. Tulisema usiku unaingia na mpaka utafungwa. Tulisema wazazi wanatungoja. Tulisema fedha zimekwisha. Kila neno lilikuwa la kweli. Tukasali, tukachanga shilingi zilizobaki, tukapanda gari jingine, tukavuka.

Mimi nilikuwa mwandishi wa kikundi. Nilipofika nyumbani na kufungua mkoba wangu, nilikuta ndani yake bahasha ya nakala za hati za kusafiria na namba za simu za wazazi, na kati ya nakala hizo kulikuwa na hati yenyewe ya binti yule, aliyonipa asubuhi nimtunzie. Karatasi zake zilikuwa zimevuka mpaka pamoja nami. Mwenyewe alikuwa amelala ng'ambo, katika nchi ya watu, bila kitu cha kumwonyesha daktari au askari kwamba ana jina na ana kwao.

Aliyebaki naye hakuwa kiongozi. Alikuwa mama mmoja muuza vitenge, aliyekuja hija kwa nafasi yake mwenyewe. Alipotuona tunapanda gari, aliteremsha mzigo wake akasema: «Nendeni salama, mimi nitalala huku.» Alilala huko siku 11.

Kubaki ni kazi

Mama yule aliporudi hakutulaumu. Alitusimulia tu mambo aliyoyafanya, na masimulizi yake yalinifundisha juu ya ajali ya ugenini kuliko mahubiri na vitabu vyote.

Ninyi nyote mnazijua hospitali za nchi zetu. Mgonjwa asiye na mlinzi wake hali, hafuliwi, wala hana wa kumkimbilia dawa inapoandikwa ikanunuliwe nje. Mama yule alikuwa mikono na miguu ya binti yetu. Alipika uji katika ua wa hospitali, na moto aliopikia aliuwasha pamoja na mama wa yule kijana wa bodaboda, kwa maana wote wawili walikuwa wakiuguza. Wakonzo wa Kasese na Wanande wa kwetu husikilizana bila mkalimani, kwa kuwa lugha zao ni kama moja. Mpaka ulichorwa katikati ya ndugu. Kwa hiyo wale kina mama wawili walizungumza. Siku ya tatu, ndugu za kijana waliokuwa wamekuja na hasira kuwatafuta «Wakongo waliomgonga mtu na kukimbia» walimkuta mmoja wa Wakongo hao ameinama juu ya moto, anamkorogea kijana wao uji. Hasira yao ilikosa pa kushika.

Kila baada ya siku mbili alikwenda kituo cha polisi. Aliomba namba ya jalada la ajali, akaiandika kwenye kipande cha karatasi. Aliuliza habari za dereva, akampelekea chakula. Kila risiti ya dawa, ya picha ya mfupa na ya kitanda aliifunga katika pindo la kitenge chake. Alipoondoka alidai ripoti ya daktari yenye sahihi na muhuri. Hakuwa amesoma sheria. Alikuwa mfanyabiashara, naye alijua kwamba deni lisiloandikwa halilipwi.

Miezi mingi baadaye, bima ya gari lile ililipa sehemu kubwa ya gharama za majeruhi wote wawili. Ililipa kwa nguvu ya zile karatasi za pindo la kitenge. Sisi tuliovuka na kusali tusingekuwa na hata moja ya kuonyesha.

Kutokana na hayo nimefikia maoni ambayo nayaweka mbele yenu waziwazi: katika ajali ya ugenini, jambo kuu la kufanya ni mmoja wa kikundi kubaki, na mtu huyo hana budi kuchaguliwa kabla ya gari kuondoka nyumbani. Mengine yote, hata yale ya dakika za kwanza, yanasimama juu ya hilo.

Dakika za kwanza

Hata hivyo, dakika za kwanza zina kanuni zake, na kijana asiyezijua aweza kuua kwa huruma.

Dereva asimame. Kusimama, kusaidia waliojeruhiwa na kutoa habari kwa polisi ni wajibu wa kisheria Uganda kama ilivyo katika nchi nyingine jirani, na anayekimbia huongeza kosa juu ya msiba. Iko hali moja tu ya kuondoka: kundi la watu likija na mawe na fimbo, dereva aende moja kwa moja kwenye kituo cha polisi kilicho karibu na kujieleza. Huko hakuitwi kukimbia, mradi aende polisi wala asielekee mpakani.

Injini izimwe, na mtu asiwashe sigara. Wawili watumwe nyuma na mbele ya barabara, mbali kiasi cha kutosha, wayaonye magari kwa pembetatu ya hatari, au kwa matawi na taa ya simu kukiwa giza. Wakumbuke kwamba magari huko hutoka upande ambao macho yetu hayakuzoea. Wako watu waliookoka katika ajali kisha wakagongwa walipokuwa wakivuka barabara.

Majeruhi asinyanyuliwe haraka. Asipokuwa katika hatari ya moto au ya kugongwa tena, aachwe alivyolala mpaka wapatikane watu wa kumbeba akiwa amenyooka, bila kumkunja shingo wala mgongo. Damu inayotoka kwa wingi izuiwe kwa kukandamiza kitambaa safi kwa nguvu bila kuachia. Aliyezimia lakini anapumua alazwe kwa ubavu kwa uangalifu, kichwa na mgongo vikigeuzwa pamoja, asije akakabwa na matapishi. Asipewe maji wala chakula, hata akiomba, kwa sababu huenda akahitaji kupasuliwa. Mwendesha pikipiki asivuliwe kofia yake ngumu isipokuwa inamzuia kupumua. Na wote wafunikwe, kwa maana mwili uliopoteza damu huona baridi hata wakati wa jua.

Namba za kuomba msaada ziandikwe kabla ya safari, kwa kuwa hazifanani. Uganda polisi hupatikana kwa 999. Rwanda polisi ni 112, na gari la wagonjwa ni 912. Wale wa Bukavu na Goma wanaokwenda Kibeho mwezi wa Novemba wazishike hizo. Tena laini ya simu ya Kongo yaweza kunyamaza mara tu mnapovuka. Kikundi kinunue laini moja ya nchi ya ugenini siku ile ile ya kwanza.

Mbele ya polisi

Vijana wengi wa kwetu wanaogopa askari wa ugenini kuliko wanavyoogopa jeraha. Hofu hiyo ina sababu zake, lakini ujuzi huipunguza.

Kwanza, lugha. Ripoti za polisi wa Uganda huandikwa kwa Kiingereza, lakini Kiswahili kimekuwa lugha ya askari wa nchi ile kwa miaka mingi, kwa hiyo mtasikilizana mkisema Kiswahili kwa utulivu. Msitie sahihi karatasi msiyoielewa. Ombeni kwa heshima isomwe kwa sauti kwa lugha mnayoijua, na neno lisilo sawa lisahihishwe kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Pili, ukweli. Hapa dhamiri ya Mkristu hujikuta njia panda, kwa maana watu wa bima humwonya dereva asikiri kosa wala kuahidi fidia mahali pa ajali. Je, si kuficha? Sidhani. Yako mambo mawili. Kueleza ulichokiona na ulichokifanya, bila kupunguza wala kuongeza, ni ukweli, nao ni wajibu: gari lilikuwa upande huu, nilikata kuume, taa zilikuwa zimewashwa au hazikuwashwa. Kuamua nani mwenye hatia, na kwa kiasi gani, ni kazi ya wachunguzi na ya mahakama. Dereva anayesema «kosa lote ni langu» kwa kutetemeka, na yule anayesema «kosa lote ni lake» kwa woga, wote wawili wamejipa kiti cha hakimu. Na abiria wasipatane maneno ya kusema. Kila mmoja aseme alichokiona yeye, hata kama dereva ni ndugu yake.

Tatu, haki ya mgeni. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 juu ya mahusiano ya kikonseli, katika kifungu cha 36, unasema kwamba mgeni aliyekamatwa ana haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe bila kukawia, na wenye mamlaka wanapaswa kumwambia haki hiyo. Kongo ina ubalozi Kampala. Ubalozi hautamtoa mtu kifungoni wala hautalipa hospitali, lakini jina lenu likiisha kuandikwa huko, hampotei kimya. Na ikiwa mmoja wenu amefariki, Mungu apishe mbali, mwili hauvushwi mpakani ndani ya gari la kukodi kama mzigo. Zinahitajika hati za kifo na vibali vya kuusafirisha, na ubalozi ndio mlango wa kuanzia.

Nne, saa. Uganda iko saa moja mbele ya saa ya kwetu. Katika maandishi yenu semeni ni saa ya nchi gani, la sivyo shahidi mmoja atasema saa kumi na moja, mwingine saa kumi, na maneno ya kweli ya wote wawili yataonekana uongo.

Kadi ya njano na masikilizano ya kando ya barabara

Nchi nyingi za kanda yetu, Kongo na Uganda zikiwamo, zinashiriki mpango wa bima wa COMESA unaoitwa Kadi ya Njano. Hata Tanzania, ingawa ilijiondoa katika COMESA, imo katika mpango huo. Gari lenye kadi hiyo likisababisha ajali katika nchi nyingine mshiriki, watu walioumizwa hulipwa kwa kadiri ya sheria ya nchi ile, na gharama za matibabu za dereva na abiria wa gari lenyewe huzingatiwa pia. Haitengenezi gari lenu lililoharibika. Kila nchi ina ofisi yake ya mpango huo, na ajali iripotiwe huko mapema, katika nchi ilipotokea.

Basi kabla ya kulipa gari la kukodi, kiongozi aombe kuiona kadi ya njano kwa macho yake. Asiambiwe ipo. Aione, asome namba ya gari, asome tarehe ya mwisho, asome kama nchi mnayokwenda imo katika orodha, kisha aipige picha. Mwenye gari akikasirika, tafuteni gari jingine. Bei nafuu ya gari lisilo na kadi hulipwa na mguu wa mtu.

Najua njia nyingine inayopendwa kuliko hii: masikilizano. Mnampa aliyegongwa noti kadhaa, mnashikana mikono, polisi hawaitwi, safari inaendelea. Huonekana kama upatanisho, nami nimesikia watu wakiusifu. Lakini damu inayovuja ndani ya kichwa haionekani saa ile ile. Aliyesimama na kupokea noti jioni aweza kupoteza fahamu usiku, na hapo hakuna jalada, hakuna shahidi, hakuna bima, wala Wakongo hawaonekani tena. Upatanisho wa kweli hauhitaji giza. Ukiwa na mapenzi mema kwa jirani yako, mwandikie karatasi itakayomtibu hata wewe ukiwa mbali.

Aliyeumia ni mwenyeji wetu

Tunapousimulia mfano wa Msamaria mwema, huishia mara nyingi kwenye mafuta na divai. Tunausahau usiku. Mtu yule alimfikisha majeruhi kwenye nyumba ya wageni na kumwuguza, na ni kesho yake tu alipotoa dinari mbili na kuahidi kwamba atarudi kumaliza gharama. Alikuwa msafiri kama sisi, ana shughuli zake, yuko mbali na watu wake, katika barabara yenye sifa mbaya. Alibaki usiku mmoja, akaacha fedha, akaweka ahadi ya kurudi. Papa Fransisko aliutolea mfano huo sura nzima ya pili ya waraka wake Fratelli tutti wa mwaka 2020. Na katika mwongozo wa Vatikani wa mwaka 2007 juu ya uchungaji wa barabarani, ambamo madereva wamepewa amri 10, zimo za kuwasaidia walioumia katika ajali, kuzitegemeza familia zao, na hata kuwakutanisha wakati ufaao aliyekosa na aliyeumizwa, ili msamaha uwaweke huru wote wawili.

Sisi hatukulielewa hilo chini ya ule mti. Tulipohesabu majeruhi wetu tulihesabu mmoja. Walikuwa wawili. Kijana wa bodaboda hakuwa wa parokia yetu, lakini sisi tulikuwa wageni wake. Nilikwenda kumwona mwaka uliofuata, nikiongozwa na mama yule yule. Alikuwa anachechemea kidogo. Nilimwomba radhi kwa kuondoka. Alinitazama kwa muda, akaniuliza kama binti anatembea. Nikamwambia anatembea. Akasema, «Basi kaa, ule.»

Wanaopinga

Wako watakaosema kwamba kutaja ajali kabla ya hija ni kujitabiria mabaya. Nawajibu kwamba hatari haingoji kutajwa. Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Huo ndio umri wenu. Tunapofunga dawa ya malaria katika mizigo, hakuna anayesema tumeiita homa.

Wengine watasema kwamba hakuna fedha za kumwacha mtu siku kumi ugenini. Hili ni zito, wala silidharau. Najua wazazi wengine hukopa ili mtoto afike Namugongo. Lakini angalieni hesabu: kikundi cha watu 25 kikiweka kando dolari 4 kwa kila mmoja, tayari zipo 100, nazo hurudishwa kwa wenyewe mkirudi salama. Ikiwa hata hizo hazipatikani, afadhali kwenda wachache mwaka huu.

Na wengine watasema kiongozi hawezi kubaki, kwa sababu ana jukumu la kuwarudisha wengine. Ni kweli kabisa. Ndiyo sababu nasema achaguliwe mtu mwingine, mapema, wakati moyo umetulia. Chini ya mti, jioni, damu ikiwa bado mbichi, kila mtu ana sababu njema ya kuondoka. Sisi tulikuwa nazo tatu.

Ombi langu

Naomba kila kikundi, katika mkutano wa mwisho kabla ya safari ya kuvuka mpaka, kitaje mbele ya wote majina ya watu wawili: atakayebaki, na atakayeshika nafasi yake ikiwa yeye mwenyewe ndiye aliyeumia. Wawe watu wazima, wenye hati za kusafiria zilizo kamili, na wakubali kwa hiari. Wapewe bahasha ya fedha isiyoguswa kwa jambo jingine, na karatasi moja yenye majina ya wasafiri, namba za wazazi, namba ya ubalozi, picha ya kadi ya njano na namba za polisi. Nakala ya karatasi hiyo ibaki kwa Padri wa parokia. Na kila msafiri abebe hati yake mwenyewe mwilini mwake. Mwandishi asiibebe. Nalisema hili kwa uchungu.

Maneno hayo yawahusu pia ndugu zetu wa Lubumbashi wanaopita Kasumbalesa kuingia Zambia, ambako nako magari hupita kushoto, na wale wa Uvira wanaovuka kwenda Burundi, ambako hupita kuume kama kwetu. Upande wa barabara waweza kubadilika. Kitanda cha hospitali cha ugenini ni kile kile.

Kwa mazungumzo ya kikundi:

1. Katika safari yetu ya mwisho nje ya nchi, kama ajali ingetokea, nani angebaki? Tulikuwa tumemwomba?

2. Ni nani kati yetu anayejua kuzuia damu na kumlaza aliyezimia? Parokia yetu ina muuguzi wa kutufundisha kabla ya safari?

3. Yupo mtu, wa kwetu au wa ugenini, ambaye tulimwacha njiani na hatujarudi kumwona?

Binti yule wa kwaya ameolewa sasa, na ana watoto wawili. Mama muuza vitenge amezeeka, hasafiri tena. Mwaka jana nilipomwambia kwamba vijana wanajiandaa kwenda, hakuniuliza wangapi wanakwenda wala gari ni la nani. Aliniuliza, «Wamekwisha kumtaja atakayebaki?»